Faiba na mashine au mbao na tanga? Chombo kinachomfaa mfanyabiashara wa Kismayo na visiwa vya Wabajuni

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayetaka kupeleka shehena kutoka Kismayo hadi Koyama, Chovai au Chula, au kuelekea kusini mpaka Lamu, hukutana na swali moja ufukweni kabla hata ya kujadili nauli. Apakie mzigo kwenye boti ya faiba yenye mashine ya kupachika nyuma, au kwenye mashua ya mbao?

Wengi hujibu haraka. Faiba inakimbia, haivuji na haihitaji nahodha aliyezeekea baharini. Kijana wa miaka ishirini akifundishwa siku chache kuwasha mashine na kushika mkono wa usukani, kesho anabeba abiria. Mashua ya mbao, kwa upande wake, inataka fundi wa kuiziba, mabaharia wa kupandisha foromali na nahodha anayejua upepo. Kwa hiyo inasemwa kuwa faiba inasamehe makosa na mbao haisamehi.

Uchambuzi huu unatofautiana na jibu hilo. Ni kweli kwamba faiba na mashine humsamehe asiyejua, lakini msamaha huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni tangi la mafuta. Mwenye shehena asiyejua mpaka huo uko wapi anaweka mali yake, na roho za watu, mahali asipopafahamu.

KWA NINI SWALI HILI LINA UZITO

Ikumbukwe kwamba Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 4 Machi 2024, baada ya kutia saini mkataba wa kujiunga Desemba 2023. Wafanyabiashara wa pande zote mbili walipokea habari hizo kwa matumaini. Miezi michache kabla ya hapo, Mei 2023, Kenya na Somalia zilikuwa zimetangaza kufungua kwa awamu vituo vya mpakani, Kiunga kikiwamo. Julai mwaka huohuo Kenya ikaahirisha mpango huo kutokana na mashambulizi ndani ya ardhi yake.

Barabara inaposuasua, macho hugeukia bahari. Bandari ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021, na Kismayo ndiyo bandari kubwa ya kusini mwa Somalia. Katikati ya bandari hizo mbili kuna takriban maili 150 za bahari, na humo ndani ndimo vilimo visiwa vya Wabajuni. Kutoka Kismayo unaikuta Koyama kwa maili kama 20, kisha Ngumi, Chovai na Chula, halafu Burkavo iliyo bara, na hatimaye Ras Kamboni mpakani.

Meli kubwa hazitii nanga visiwani. Unga, sukari, mchele, mafuta ya taa na mabati hufika huko kwa vyombo vidogo, na samaki, pweza na kamba mawe hutoka kwa vyombo hivyo hivyo. Uamuzi wa aina ya chombo, basi, ndio unaoamua kama mzigo utafika, utafika lini na kwa gharama gani.

MFANO KUTOKA UWANJA WA GOFU

Kuna mfano mmoja unaoweza kutusaidia, ingawa unatoka mbali na mambo ya bahari. Wanaocheza gofu katika viwanja vya pwani ya Kenya, kama vile Nyali na Vipingo, hukabiliwa na uamuzi wa namna hii wanaponunua vyuma vya kupigia mpira. Vyuma hivyo ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya mafundi. Kichwa chake ni chembamba na uzito umekusanywa nyuma ya katikati. Mpira ukipigwa sawasawa, fundi huupeleka atakako. Ukipigwa pembeni kidogo, mkono hutetemeka na mpira huanguka njiani.

Aina ya pili ni ya wanaojifunza na wachezaji wa kawaida. Mgongo wake umechimbwa na uzito umesambazwa kwenye kingo, hivyo mchezaji akikosea kidogo mpira bado unakwenda. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kampuni ya PING nchini Marekani mwaka 1959, ni mmoja wa waliosambaza sana wazo hilo la kuweka uzito kwenye kingo.

Kosa la wanunuzi wengi ni kuchagua chuma cha bingwa kwa ajili ya fahari wakati mikono yao ni ya mwanafunzi. Ushauri wa wauzaji waaminifu ni mmoja: nunua kwa kadiri ya mkono wako, si kwa kadiri ya jina.

Ushauri huo unafaa baharini pia, lakini kuna tofauti moja kubwa. Chuma cha gofu kinachosamehe hubeba msamaha wake ndani ya umbo lake, wala hauishi katikati ya mchezo. Boti ya faiba haiko hivyo. Msamaha wake hautoki kwenye bodi la boti. Unatoka kwenye mashine, nayo mashine inategemea petroli safi, oili, plagi na rafadha nzima. Kimoja kikikosekana, chombo kilichokuwa kinasamehe kila kosa kinageuka chombo kisichosamehe hata moja.

FAIBA: UZURI WAKE NA MPAKA WAKE

Tusiidharau faiba. Haiozi, wala mdudu wa bahari anayetoboa mbao haigusi. Haitaki kalafati wala kupakwa sifa na deheni kila baada ya miezi michache. Ni nyepesi, hivyo watu wachache wanaweza kuivuta mchangani. Kwa mwenye kubeba kamba mawe walio hai au samaki wenye barafu kidogo, mwendo wake ni pesa. Safari ya Koyama hadi Kismayo inayochukua saa mbili badala ya nusu siku ndiyo tofauti kati ya samaki wa kuuza na samaki wa kutupa.

Hata hivyo, boti nyingi za aina hii zimetengenezwa zipae juu ya maji zikiwa nyepesi. Ukizipakia magunia hadi zikazama, hazipai tena. Mashine inanguruma, mafuta yanakwenda, lakini mwendo umeshuka. Mfanyabiashara anayelipia kasi ya boti tupu huku ameijaza sukari analipia kitu ambacho hakipo.

Pili, faiba haina mkuku mrefu wa kuishika ndani ya maji. Mashine ikizimika, upepo unaisukuma ubavu kama jani. Tatu, ikigonga mwamba hupasuka, na kiraka chake kinataka rezini, kitambaa cha faiba na mahali pakavu. Vitu hivyo havipatikani kila kisiwa.

HESABU YA MAFUTA

Hapa ndipo mwenye shehena anapaswa kukaa chini na kalamu. Mashine ya kupachika ya farasi 40, ya mipigo miwili, ambayo ni ya kawaida katika pwani yetu, hunywa takriban lita 15 hadi 20 za petroli kwa saa ikikazwa. Tuseme boti iliyopakia inakwenda maili 10 kwa saa.

Kutoka Kismayo hadi Koyama, maili 20, ni saa mbili na lita 30 hadi 40 kwa kwenda peke yake. Hilo linavumilika. Kutoka Kismayo hadi Lamu, maili 150, ni saa 15 na lita 225 hadi 300. Lita 300 za petroli zina uzito wa zaidi ya kilo 200, yaani magunia manne ya sukari ya kilo 50 ambayo hayatapakiwa. Ongeza oili, ambayo kwa mashine nyingi za aina hiyo ni lita moja kwa kila lita 50 za petroli, hivyo lita sita nyingine.

Aidha, kuna kanuni ya zamani ya waendesha boti, nayo ni theluthi tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba. Kwa safari ya Koyama kanuni hiyo inatimizika. Kwa safari ya Lamu haiwezekani kuitimiza bila ya kujaza boti madumu matupu ya petroli na kuacha mzigo ufukweni. Matokeo yake manahodha wengi hutegemea kuongeza mafuta njiani.

Kutegemea mafuta ya njiani ni kutegemea ruhusa ya kutia nanga. Desemba 2024 majeshi ya Jubaland na ya serikali kuu ya Somalia yalipigana Ras Kamboni, palepale ambapo chombo kinachoelekea Kiunga kingetafuta hifadhi. Anayepita na tanga au na dizeli ya kutosha anaweza kuamua kupita mbali. Anayepita na tangi tupu hana uamuzi.

MBAO NA TANGA: CHOMBO CHA FUNDI

Wabajuni hawakuwa wageni wa elimu hii. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulihusishwa sana na wao na jirani zao wa Lamu na Pate. Mbao zilizoshonwa zilikuwa na ulegevu, hivyo chombo kilipogusa mchanga au mwamba kiliweza kujipinda kidogo pasipo kuvunjika. Msamaha ulikuwa ndani ya mwili wa chombo chenyewe. Mtepe umekwisha kutoweka baharini, lakini mashua na jahazi za misumari zilizoufuata zilirithi sehemu ya tabia hiyo.

Mashua ya mbao ni nzito, na uzito huo ni faida ikipakiwa. Haipotezi tabia yake kwa kubeba magunia. Mkuku wake unaishika ndani ya maji. Ubao ukifunguka, fundi mwenye patasi, pamba na mafuta anaweza kuuziba hata pale kisiwani, chombo kikiwa kimelazwa mchangani maji yakitoka.

Upepo nao ni wa bure kwa anayejua kalenda yake. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kukisukuma chombo kutoka Kismayo kwenda Lamu. Mashua inayokwenda maili tano au sita kwa saa inaifikia Lamu kwa saa 25 hadi 30. Kuanzia Aprili au Mei kusi hugeuza njia, na sasa ni zamu ya wanaotoka Lamu kwenda Kismayo. Katikati kuna tanga mbili, wakati upepo hautabiriki.

Lakini ndiyo hapo tabu inapoanza. Kuirudisha mashua Kismayo wakati wa kaskazi ni kubisha maili baada ya maili, na mteja hawezi kungoja miezi minne. Kusi la Juni na Julai nalo ni kali kiasi kwamba vyombo vidogo hujificha ndani ya mwamba, katika maji yaliyo kati ya visiwa na bara. Kupita katika maji hayo kunataka mtu anayejua milango ya mwamba, anayejua bamvua na maji mafu, na anayesoma kina kwa rangi ya maji. Hiki ndicho chuma chembamba cha bingwa: kwa fundi ni mali, kwa asiye fundi ni hatari.

Ujenzi wenyewe una gharama. Mafundi wa Matondoni na Kizingitini, upande wa Lamu, hutegemea mikoko kwa mataruma na mbao ngumu kama mbambakofi kwa ubavu. Februari 2018 Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti misituni, na mikoko ya Lamu ikaguswa, kabla ya katazo hilo kulegezwa baadaye. Tukio hilo liliwaonyesha wenye vyombo kwamba mbao nazo si kitu cha kutegemewa bila wasiwasi.

UFUNDI UMEKWENDA WAPI?

Swali la kujiuliza ni hili: kama mbao inataka fundi, fundi yuko wapi? Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walivikimbia visiwa vyao, wakaenda Mombasa na Lamu, na baadhi wakafika Ulaya. Waliokimbia hawakuwa wavuvi tu. Miongoni mwao walikuwamo manahodha, mafundi wa vyombo na wazee wanaojua kila mlango wa mwamba. Kismayo yenyewe ilipita mikononi mwa makundi mbalimbali, ikatekwa na Al-Shabaab Agosti 2008 na kukombolewa mwishoni mwa Septemba 2012 na majeshi ya Kenya pamoja na wapiganaji wa Ras Kamboni.

Miaka hiyo ndiyo iliyoipa faiba nafasi. Mashine iliziba pengo la nahodha. Hatuwezi kumlaumu kijana aliyeingia baharini kwa njia hiyo, kwani hakuna aliyebaki kumfundisha nyingine. Lakini matokeo yake yanaonekana. Aliyejifunza kwa mashine pekee hajui la kufanya mashine ikinyamaza. Ndani ya boti hamna mlingoti, hamna kasia la kutosha, na hata turubai lililofunika mzigo hakuna anayejua kulifunga likawa tanga.

Na mahali penyewe si pa kunyamaza. Wakati wa kusi, upepo na mkondo wa Somalia vyote huelekea kaskazini-mashariki. Boti iliyozimika nje ya mwamba inasukumwa kuipita Kismayo na kwenda mbali na nchi kavu. Ikisukumwa upande wa kusini wakati wa kaskazi, inaweza kuingia katika maji ambayo Kenya na Somalia ziligombania mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hukumu ilitolewa tarehe 12 Oktoba 2021, na Kenya ikatangaza kutoitambua. Mabaharia waliokwama hawapendi kuokotwa mahali ambapo waokoaji wataanza kwa kuuliza ni maji ya nani.

NJIA YA KATI

Je, mfanyabiashara achague nini? Kwa maoni ya mwandishi huyu, majibu ni matatu, kulingana na safari.

Kwa safari fupi za Kismayo, Koyama na Ngumi, zenye mzigo mwepesi unaoharibika, faiba ni chombo sahihi, kwa sharti la mashine mbili. Ya pili si lazima iwe kubwa. Mashine ya farasi 15 yenye tangi lake peke yake inatosha kurudisha boti nyumbani polepole. Boti yenye mashine moja ya farasi 60 haiwi salama kuliko yenye 40 na 15, ingawa inapendeza zaidi machoni.

Kwa safari ndefu za mzigo mzito, yaani Kismayo na Lamu, chombo cha mbao chenye mashine ya dizeli ya ndani ndicho kinachoshinda hesabu. Dizeli ndogo hunywa takriban lita nne hadi sita kwa saa. Kwa mwendo wa maili sita kwa saa, maili 150 ni saa 25 na lita 100 hadi 150, karibu nusu ya petroli ya faiba, na mzigo mara kadhaa. Chombo kibaki na mlingoti na tanga lake. Tanga hilo si la mapambo, ndiyo mashine ya pili isiyohitaji mafuta.

Kwa mashua ya tanga tupu, bado kuna kazi: mizigo isiyo na haraka, katika msimu unaokubaliana na upepo, chini ya nahodha anayejulikana. Nauli yake ni ndogo kwa sababu upepo haulipwi. Lakini asiyemjua nahodha asijaribu kuokoa nauli kwa njia hiyo.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUPAKIA

Mazungumzo ya ufukweni kwa kawaida ni mafupi. Mwenye mzigo huuliza, "Nahodha, mashine yako farasi ngapi?" Nahodha hujibu kwa majivuno, wanapatana, magunia yanapakiwa. Tunapendekeza maswali mengine, na yote yanajibika pale pale.

Mosi, una lita ngapi, na safari inataka ngapi? Nahodha asiyeweza kutaja namba mbili hizo hajapiga hesabu.

Pili, mashine ikizimika nje ya mwamba, utarudi kwa kitu gani? Jibu liwe ni kitu kinachoonekana, mashine ya pili, tanga au nanga yenye kamba ndefu. "Inshallah haitazimika" ni dua njema, lakini dua haifungwi kwenye mlingoti.

Tatu, nani mwingine chomboni anajua njia? Ujuzi uliomo kichwani mwa mtu mmoja unaweza kuugua naye homa.

Nne, jaketi za kujiokoa ni ngapi na watu ni wangapi? Upande wa Kenya, Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya nchi hiyo husajili na kukagua vyombo vidogo. Chombo kinachokusudia kuingia Lamu kikikosa vitu hivi kinajitafutia kuzuiwa, na mzigo uliozuiwa ni hasara ya mwenye mzigo.

Tano, petroli imechujwa? Maji na mchanga ndani ya dumu vimezima mashine nyingi kuliko uzee wa mashine zenyewe.

HITIMISHO

Uanachama wa Jumuiya unaweza kupunguza ushuru na kurahisisha karatasi, lakini hauzibi chombo kinachovuja wala haumfundishi kijana kusoma mwamba. Kazi hiyo iko mikononi mwa wenye vyombo na wenye mizigo. Mwenye mzigo ndiye mwenye nguvu kubwa zaidi, kwani nahodha hufuata pesa. Siku wafanyabiashara wa Kismayo na Lamu watakapokataa kupakia kwenye boti yenye mashine moja, mashine ya pili itapatikana. Siku watakapokubali kulipa nauli ya ziada kidogo kwa nahodha anayejua tanga, wazee wachache waliobaki watapata vijana wa kuwafundisha.

Faiba itaendelea kuwapo, na ni vizuri iwepo. Imewarudisha baharini watu ambao wasingerudi. Lakini anayeinunua au kuikodi ajue kwamba ananunua msamaha wa mkopo, na mkopo huo huisha pale mafuta yanapokwisha. Kabla ya kutoka nje ya mwamba, ajue namna atakavyoulipa.